KIDUDE KIDOGO, ROHO YA MTU: JINSI YA KUCHAGUA NA KUBANA TEMINO ZA WAYA KWENYE NDEGE YA KUJIJENGEA

Leo naomba tuipumzishe siasa kidogo, tuongee ufundi.

Kila baada ya muda tunasoma magazetini habari ya fundi fulani huku kwetu aliyejitengenezea ndege au helikopta uani kwake. Picha zinapigwa, watu wanajazana, wengine wanacheka, wengine wanasema serikali imsaidie. Mjadala wote unakuwa ni injini, mabawa na pangaboi. Sijawahi kuona mtu akiuliza swali moja dogo: hizo waya zimeungwaje?

Mimi ni kijana wa form four tu, sio injinia wa ndege. Ila umeme wa magari naufahamu kidogo kwa kushinda gereji, na habari ya waya za ndege nimeisoma kwa muda mrefu. Kilichonivuta ni kwamba vidude vyenyewe ni ndugu wa vile tunavyobana kila siku kwenye magari na pikipiki, zile temino ndogo zenye plastiki nyekundu, ya bluu au ya njano. Tofauti ni kwamba gari likizima unasogea pembeni ya barabara. Angani hakuna pembeni.

Nianze na jambo lenyewe ili hata asiyemaliza kusoma aondoke na kitu. Kiungo kizuri hakitokani na nguvu za mkono. Kinatokana na vitu vitatu vilivyotengenezwa vioane: waya, temino, na koleo la kubania. Ukibadilisha kimoja kiholela, viwili vilivyobaki haviwezi kukuokoa. Na hata vikioana, usikiamini kiungo hicho mpaka umekivuta.

NDEGE ZA KUJIJENGEA NI ZIPI?

Kwa wasiojua, Marekani raia wa kawaida anaruhusiwa kisheria kujijengea ndege na kuirusha. Sharti kubwa ni kwamba zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa kujifunza au kwa burudani, sio kiwanda. Chama chao kinaitwa EAA, kilianzishwa Wisconsin mwaka 1953 na Paul Poberezny, na tangu 1970 mkutano wao mkubwa hufanyika mji wa Oshkosh. Mtu ananunua boksi la vipande, anajifungia gereji miaka kadhaa, anatoka na ndege.

Sasa sikilizeni hapa. Aliyejenga anaweza kupewa cheti cha kuikagua ndege yake mwenyewe kila mwaka. Kweli kabla ya safari ya kwanza mkaguzi anakuja, lakini hawezi kufumua kila fungu la waya na kuvuta temino moja moja. Maana yake ni nini? Viungo vingi mle ndani vimeonwa na mtu mmoja tu, yule aliyevibana.

Na hatari sio ya kufikirika. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilitoa utafiti wake mwaka 2012. Ilisema ndege hizi zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege binafsi na ndogo za nchi ile, lakini mwaka 2011 zilichangia kama asilimia 15 ya ajali zote za kundi hilo, na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Sisemi zote ni waya, la hasha. Sababu ni nyingi, kuanzia injini kuzima hadi rubani kushindwa kuimudu ndege. Lakini umeme ni sehemu ambayo mjenzi anaweza kuifanya vizuri kwa asilimia mia akiwa chini, bila haraka, na kikombe cha chai pembeni.

Hata ndege kubwa hazisalimiki. Septemba 2, 1998, ndege ya Swissair namba 111 ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, watu wote 229 wakafa. Wachunguzi walisema kwa uwezekano mkubwa moto ulianza kwa cheche za waya juu ya dari, karibu na chumba cha marubani. Pale tatizo halikuwa temino, lakini somo ni lile lile. Waya mwembamba unaweza kuangusha dude la tani mia mbili.

KWA NINI KUBANA, SIO KULEHEMU?

Mafundi wengi watakwambia kiungo cha uhakika ni cha kulehemu kwa risasi. Sio wajinga, kulehemu kunafanya kazi nyumbani kwenye redio. Lakini ndege inatetemeka kuanzia injini inapowaka mpaka inapozimwa. Risasi ikiyeyuka inanywewa na nyuzi za waya kama utambi unavyonywa mafuta, halafu ikipoa sehemu ile inakuwa ngumu kama kijiti. Pale ugumu unapoishia na ulaini kuanza, ndipo mtetemo unapokunja, unapokunja, mpaka unakata. Kulehemu kunaweza kutumika kwenye ndege, lakini lazima waya ushikiliwe vizuri baada ya kiungo usichezecheze.

Kubana ni hadithi tofauti. Kampuni ya AMP ilianzishwa Marekani mwaka 1941 na Uncas Whitaker, na jina lake lilitokana na maneno yenye maana ya bidhaa za ndege na za majini. Ilitengeneza temino za kubana bila kulehemu wakati wa vita, kwa ajili ya ndege na meli. Kwa hiyo temino hizi hazikuanzia kwenye magari ndio zikapanda ndege. Ndege ilikuwepo toka mwanzo. Leo AMP iko ndani ya kampuni ya TE Connectivity, na temino zake za aina ya PIDG bado ndizo wajenzi wengi wanazitaja kwa jina.

Koleo sahihi linapobana, shaba ya temino na nyuzi za waya zinasukumwa kwa nguvu mpaka zinabadilika umbo na kujazana, hewa haibaki katikati. Hewa isipoingia, unyevu na kutu navyo havina njia. Kiungo cha namna hiyo kinakaa miaka.

Kikilegea je? Tupige hesabu ya shule. Taa ya kutua ya wati 100 kwenye umeme wa volti 12 inakula kama ampea 8. Kiungo kizuri kikiwa na ukinzani wa ohm 0.001, joto linalozaliwa pale ni 8 mara 8 mara 0.001, yaani wati 0.064. Hulisikii hata ukigusa. Kiungo kibovu chenye ohm 0.1 kinazaa wati 6.4 ndani ya kitu kidogo kuliko punje ya mahindi. Hapo plastiki inaanza kulainika, shaba inapata kutu, ukinzani unapanda, joto linaongezeka zaidi. Ni mduara unaoishia kwenye moshi.

Na siku hizi umeme sio wa taa na redio tu. Injini nyingi za zamani za ndege ndogo zina magineto, zinajitengenezea moto wa plagi zenyewe, betri ikifa injini inaendelea kuunguruma. Lakini zipo mpya zenye kompyuta na sindano za mafuta, mfano Rotax 912 iS ya Austria iliyotoka mwaka 2012. Watengenezaji wameweka njia mbadala za umeme, lakini umeme ukikatika kabisa, injini nayo inazima.

KWANZA, WAYA

Wamarekani wanapima waya kwa namba za geji, na namba ikiwa kubwa waya unakuwa mwembamba. Geji 22, ambayo inatumika sana kwa vyombo na taa ndogo, ina shaba ya kama milimita za mraba 0.33. Geji 20 ni kama 0.5, geji 18 kama 0.8, geji 16 kama 1.3, geji 14 kama 2.

Waya wa ndege unaopendwa na wajenzi unaandikwa M22759/16. Ni shaba iliyopakwa bati, nyuzi nyingi nyembamba (geji 22 ina nyuzi 19), na ganda lake ni plastiki iitwayo ETFE inayovumilia nyuzi joto 150. Waya wa kawaida wa gari una ganda la PVC. PVC inalainika mapema, na ikiungua inatoa moshi mkali wa tindikali unaochoma macho na mapafu. Hebu fikiria moshi huo ndani ya kichumba cha watu wawili, futi elfu tano juu.

Waya wa uzi mmoja mnene, ule wa kufungia nyumba, usiufikirie kabisa. Mtetemo unaukata.

PILI, TEMINO

Kila fundi anajua rangi. Kwa temino za PIDG, nyekundu ni ya geji 22 hadi 16, bluu geji 16 hadi 14, njano geji 12 hadi 10. Wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo kuna mtego.

Temino nyingi za madukani kwetu zimeandikwa kwa milimita. Nyekundu inaandikwa 0.5 hadi 1.5, bluu 1.5 hadi 2.5, njano 4 hadi 6. Sasa rudi juu uangalie geji 22 ni ngapi. Ni 0.33! Maana yake nyekundu ya dukani inaweza isikamate waya wa geji 22, ingawa rangi ni ile ile. Kwa nje utaona imebanwa vizuri, kwa ndani waya unaelea. Kwa hiyo soma maandishi ya pakiti, usisome rangi tu. Temino isiyo na maandishi yoyote wala jina la mtengenezaji, iache dukani.

Halafu angalia plastiki na ndani yake. Temino nzuri ina kava la nailoni, ndani yake kuna mrija wa pili wa shaba unaoshika ganda la waya, na bomba la kushika nyuzi lina mikwaruzo kwa ndani ili nyuzi zisiteleze. Temino ya bei rahisi mara nyingi ina kava la PVC tu, bila mrija wa pili. Inashika shaba peke yake, ganda la waya halishikwi. Mtetemo wote unaishia kwenye nyuzi pale mdomoni, na tumeshaona mtetemo unafanya nini.

Umbo nalo lina maana. Ya duara, yenye tundu la bolti, hata nati ikilegea haitoki. Ya uma inachomoka nati ikilegea kidogo tu. Kwa hiyo kwenye bolti weka ya duara. Na mwongozo wa FAA, yaani mamlaka ya anga ya Marekani, unaoitwa AC 43.13-1B, unasema bolti moja isibebe temino zaidi ya nne. Mwongozo huo ni bure mtandaoni, sura ya 11 yote ni umeme. Za kuchomeka, dume na jike, zinafaa kwenye swichi, ilimradi jike linakamata kwa nguvu. Likiingia laini kama kidole kwenye siagi, libadilishe.

Kwa redio na vyombo kuna konekta zenye umbo la herufi D, ndugu wa ile ya nyuma ya kompyuta ya kuchomekea skrini. Pini zake nzuri ni zile za kuchongwa, mviringo mtupu, za waya wa geji 20 hadi 24. Zina kitundu kidogo ubavuni cha kuchungulia kama nyuzi zimefika ndani.

TATU, KOLEO

Hapa ndipo wengi tunapoharibu kwa kubana na plaizi, meno, au nyundo na msumari. Tatizo la plaizi ni kwamba haijui kiasi. Leo umechoka unabana kidogo, waya unachomoka. Kesho una hasira unabana sana, nyuzi zinasagika na kubaki nyembamba, zinakatika baadaye. Kuna kiasi cha katikati ambapo kiungo kina nguvu kuliko vyote, na mkono peke yake haukijui.

Koleo la racheti linakijua. Ukishaanza kubana halifunguki mpaka umefika mwisho, kila kiungo kinapata kiasi kile kile. Lile la temino zenye kava lina sehemu mbili mdomoni, moja inabana shaba na nyingine inabana ganda la waya, na hazilingani. Ukiingiza temino kinyume, shaba inabanwa kidogo na ganda linabanwa sana. Kwa hiyo angalia upande.

Pini za konekta ya D zina koleo lake, linalochoma pini kutoka pande nne kwa pamoja. Koleo la temino nyekundu halifai kwa pini hizi, na la pini halifai kwa temino. Nilisema mwanzo vitu vitatu vioane, ndio hii maana yake.

SASA TUNABANA

1. Menya ganda la waya kwa kifaa cha kumenyea chenye matundu ya vipimo, sio wembe wala meno. Chunguza nyuzi. Ukikuta hata moja imekatika, kata kipande hicho uanze upya. Waya ni rahisi kuliko ndege.

2. Usipake risasi kwenye nyuzi kabla ya kubana. Risasi ni laini, ikikandamizwa inaendelea kusogea polepole na kiungo kinalegea chenyewe.

3. Ingiza waya mpaka nyuzi zichungulie upande wa pili wa bomba, isizidi milimita moja. Ganda lisiingie ndani ya bomba la nyuzi, liishie kwenye sehemu yake.

4. Kama waya unacheza ndani ya temino, tafuta temino ndogo zaidi. Ule mtindo wa kukunja nyuzi mara mbili ili zijae unatengeneza kiungo ambacho mtengenezaji hakukipima.

5. Weka temino mdomoni mwa koleo kwa upande sahihi, bana mpaka lijifungue lenyewe.

6. Angalia. Kava halijapasuka? Alama ya koleo iko katikati ya bomba? Ganda la waya limeshikwa? Halafu vuta kwa mkono, kwa heshima lakini bila huruma.

7. Waya ufungwe karibu na kiungo, usining'inie. Kiungo kisibebe uzito wa waya.

JARIBIO LA NDOO

Kuvuta kwa mkono kunakamata viungo vibovu sana tu. Kabla hujagusa ndege, bana sampuli tano za kila waya na temino utakazotumia, uzijaribu mpaka uridhike. Kiwango cha kijeshi cha Marekani MIL-T-7928, ambacho sasa kinaendelea kwa jina la AS7928, kinataka kiungo kivumilie angalau uzito huu:

Geji 22: paundi 15, kama kilo 6.8
Geji 20: paundi 19, kama kilo 8.6
Geji 18: paundi 38, kama kilo 17.2
Geji 16: paundi 50, kama kilo 22.7
Geji 14: paundi 70, kama kilo 31.8

Huna mashine ya kupimia? Una ndoo. Lita moja ya maji ni kilo moja. Pima ndoo tupu kwenye mizani ya dukani, kisha ongeza maji mpaka ufikie uzito. Temino ya duara itundike kwenye bolti imara, waya uzungushe mara kadhaa kwenye mshikio wa ndoo ili usikatikie kwenye fundo. Achilia polepole, hesabu dakika nzima. Yaani waya wa geji 16, mwembamba hivyo, unatakiwa kuning'iniza ndoo ya lita 20 iliyojaa na bado ukawa na akiba. Nyie mnaobana kwa plaizi, jaribuni leo jioni mniambie.

Matokeo yana lugha yake. Waya ukichomoka mzima, umebana kidogo au temino ni kubwa. Nyuzi zikikatika pale mdomoni kabla ya uzito kufika, umebana kupita kiasi au ulizijeruhi ulipomenya. Waya ukivuka uzito huo ndio ukakatika mbali na temino, hapo umeshinda. Sampuli zilizovutwa ni za kutupa, zisirudi kwenye ndege.

HUKU KWETU JE?

Kuna watakaosema haya ni mambo ya Wazungu wenye hela, koleo la racheti fundi wa uani atalitoa wapi. Mimi naona tofauti. Mtu aliyetafuta injini, akanunua mabomba, akaunga mwili wa ndege kwa miezi, hakushindwa kuchangishana na wenzake koleo moja la kazi. Na ndoo kila nyumba ipo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kumwambia kwamba kuna kipimo. Tunamcheka, au tunampigia makofi, basi. Vyote viwili havimsaidii kesho asubuhi akiamua kuwasha.

Na ruhusa ni lazima. Tanzania ni TCAA, Kenya ni KCAA, ndio wenye kauli kuhusu chombo kuruka. Mkaguzi akija ukamwonyesha sampuli zako kumi zilizovutwa, umeziandika tarehe na uzito kwenye daftari, ataona anaongea na mtu makini.

Hata usiyeota kuruka, chukua hili kwa bodaboda yako au kwa gari la bosi. Taa inayowaka na kuzima, fyuzi inayoungua bila sababu, mara nyingi chanzo ni kidude kama hiki kilichobanwa kwa meno.

Mafundi umeme mliopo humu, naomba mchango wenu kwenye maoni: mnabana na nini, na ndoo ilisemaje? Nawakilisha.